"Na Mashirika" ndiye nani?

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa kimataifa wa Jumamosi mlikuwa na habari tatu za visiwa: Mayotte, Chagos na Tuvalu. Zote tatu ziliandikwa na mtu mmoja, na jina lake ni Na Mashirika. Huyu bwana, ambaye kwa kweli ni mashirika ya habari ya nje yasiyotajwa kwa majina, namsoma tangu ujana wangu. Kimbunga kikipiga Vanuatu yeye yuko. Kura zikihesabiwa Moroni, mji mkuu wa Komoro, yuko. Siku hiyohiyo utamkuta London na The Hague, wala hajawahi kutuambia ameketi wapi akiandika.

Kwanza mnijue. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimesoma prufu, yaani kurasa za majaribio za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda kimoja cha uchapaji hapa Industrial Area. Sasa nimestaafu, naishi South C, na gazeti nalinunua kwa yule kijana wa pale stejini kabla ya saa moja. Babu yangu mzaa baba alizaliwa Ngazidja, kisiwa cha Komoro, akapitia Unguja, akaja Nairobi kupika katika nyumba za Wazungu. Kwa hiyo habari za visiwa huzisoma polepole kidogo kuliko wenzangu.

Msoma prufu hapewi majina. Anapewa karatasi yenye wino mbichi na kalamu nyekundu, basi. Lakini kaa na karatasi hizo muda wa kutosha, utawajua waandishi wote bila kuonana nao. Mmoja hafungui aya bila "aidha". Mwingine kila sentensi ni "kwa mujibu wa". Wa michezo alikuwa na "hali kadhalika" yake, aliyoitoa kila alipoishiwa. Palikuwa na mheshimiwa mmoja ambaye makala zake zilitufikia kila wiki zikiwa na picha yake ya tai, na chumba kizima tulijua kwamba anayeziandika ni karani wake. Karani huyo ndiye aliyetuandikia pia barua za kudai risiti, na katika zote mbili "ilhali" ilikuwa ikifanya kazi ya "lakini".

Tulichokifanya sisi kwa mazoea, wasomi wamekifanya kwa hesabu. Kuna makala 85 zilizochapwa Marekani mwaka 1787 na 1788 kuitetea katiba mpya, zote kwa jina la bandia, Publius. Kumi na mbili kati yake ziligombaniwa kwa zaidi ya karne: ni za Alexander Hamilton au za James Madison, waasisi wawili wa Marekani? Mwaka 1964 wataalamu wa takwimu Frederick Mosteller na David Wallace walitoa jibu. Hawakutazama hoja, maana hoja huigwa. Walihesabu maneno madogo ambayo mwandishi hayafikirii anapoyaandika. Kuna kihusishi kimoja cha Kiingereza, chenye maana ya "juu ya", ambacho Hamilton alikitumia kila mara na Madison ni nadra kukigusa. Wakahitimisha kwamba zote kumi na mbili ni za Madison.

Sasa mtaniuliza, visiwa vinaingiaje hapa? Vimo tangu zamani. Yapata karne ya nane, mtu asiyejulikana aliandika hati akaitia jina la Konstantino, mfalme wa Roma aliyefariki mwaka 337. Hati ilisema mfalme amempa Papa mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi, na visiwa vimetajwa humo. Ikaaminiwa. Mwaka 1091 Papa Urban II aliishika hati hiyohiyo kumkabidhi askofu wa Pisa kisiwa kizima cha Corsica. Ilipofika 1440 ndipo Lorenzo Valla, msomi wa Italia, akaonyesha kwamba Kilatini kile si cha zama za Konstantino. Ndani yake vilikuwamo hata vyeo ambavyo maofisa wa Roma ya wakati ule hawakuwa navyo. Kufikia hapo Corsica ilikuwa imeshapita mikono kadhaa, na sijasoma popote kwamba Wakorsika waliombwa radhi.

Chagos ni kinyume chake: hati zake ni halali kabisa, ila zilikuwa kabatini. Agosti 1966 wakubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza waliandikiana kuhusu visiwa hivyo, ambavyo walikuwa wamekwisha kuvikata kutoka Mauritius ili Marekani ipate kituo cha kijeshi Diego Garcia. Paul Gore-Booth aliandika kwamba nia ni kupata majabali yatakayobaki yao, na kwamba hapatakuwa na wenyeji isipokuwa ndege wa baharini. D. A. Greenhill akajibu chini yake kwamba kwa bahati mbaya pamoja na ndege wamo watu wachache, akawapachika majina ya kina Tarzan na Ijumaa, yule mtumishi wa Robinson Crusoe. Watu hao walikuwa na makanisa, makaburi na mashamba ya minazi waliyoyafanyia kazi kwa vizazi. Kati ya 1968 na 1973 waliondolewa wote, wakashushwa Mauritius na Ushelisheli.

Karatasi hizo zilipofika mbele ya mahakama ya London, katika kesi ya Mchagosi Olivier Bancoult, hazikusomwa kama "msimamo wa serikali". Zilisomwa kama maneno ya mtu fulani, mwenye cheo fulani, aliyeandika tarehe fulani. Bancoult alishinda Novemba 2000, ingawa ushindi huo ulikuja kupokonywa baadaye kwa amri ya kifalme. Mimi nasema hivi: kama karatasi zile zingetiwa chini yake "Na Mashirika", hadi leo tungekuwa tunabishana kama wizara ilisema au haikusema.

Na nitawaambia kwa nini nchi ndogo inaumia zaidi. Habari ya Marekani ikipindwa na kalamu moja, kesho yake ziko kalamu hamsini za kuinyoosha, na nyingine ziko hapahapa Nairobi. Komoro ikipindwa, ndiyo imetoka. Haina mtu hapa wa kujibu, na msomaji wa Kawangware hatapata habari nyingine ya Komoro hadi kimbunga kijacho au mapinduzi yajayo.

Chukueni Mayotte. Kimbunga Chido kilipoipiga tarehe 14 Desemba 2024, habari yenu ilisema ni eneo la Ufaransa, nukta. Ni kweli, tangu Machi 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Lakini Umoja wa Mataifa ulipoipokea Komoro Novemba 1975, uliipokea ikiwa na visiwa vinne, na Mayotte ni cha nne. Komoro inakidai hadi sasa. Tangu 1995 Mkomoro wa Anjouan anahitaji viza kwenda huko kumwona shangazi yake, na wasioipata hupanda mashua ndogo usiku, wengi wakafia majini. Mwandishi aliyeketi Paris huliacha hili. Aliyeketi Moroni naye huacha kusema kwamba katika kura ya Desemba 1974 watu wa Mayotte wenyewe, kwa wingi wao, walikataa kuondoka kwa Ufaransa. Mimi, kwa damu niliyo nayo, nikiiandika habari hiyo nitaegemea Moroni, nijizuie nisijizuie. Ndiyo sababu ni haki ya msomaji kujua kwamba ni mimi.

Mtasema wataalamu wa kompyuta watatwambia nani kaandika. Hawawezi. Hesabu ile inataka maneno mengi, na habari yenu ina aya sita. Isitoshe imefasiriwa. Kuna mtu hapo ofisini kwenu, namwona kwa mkono wake, anayegeuza Kiingereza au Kifaransa kuwa Kiswahili kizuri kabla ya saa ya kufunga kurasa. Maneno madogo yote ni yake sasa. Mwandishi wa kwanza amefutika, wa pili hakutajwa, na sayansi haina la kushika. Anayejua ni wewe peke yako, Mhariri.

Wala hapa Nairobi tusijifanye hatujui kalamu isiyo na jina inavyofanya kazi. Mpwa wangu yuko Roysambu, ana shahada, ajira hana. Anaishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, kama vijana wengi wa umri wake. England wameipiga marufuku biashara hiyo kwao kwa sheria ya 2022, lakini maagizo yanatoka kwingine pia. Aliwahi kuandika insha ndefu juu ya haki ya Wachagosi kurudi kwao. Niliisoma. Ilikuwa nzuri, ina hasira mahali panapostahili hasira. Mwenye jina juu yake alifaulu. Kwa hiyo yupo leo mtu mahali fulani anayehesabiwa kuwa na maoni mazito kuhusu Bahari ya Hindi, na maoni hayo yaliandikwa juu ya duka la chapati karibu na barabara ya Thika.

Kuna upande wa pili, nisije nikaonekana naona kisiwa kama malaika. Visiwa navyo hukodisha kalamu. Mauritius ilipokwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile ya Umoja wa Mataifa iliyoko The Hague, kuidai Chagos, aliyeiongoza katika hoja ni Philippe Sands, wakili wa London. Sioni ubaya; nchi yenye watu milioni moja na ushei haiwezi kuwa na wakili wa kila kitu. Lakini jina lake liko kwenye kumbukumbu za mahakama, chini ya hoja zake, na asemaye "haya ni ya mwanasheria wa Kiingereza" anaweza kufungua akahakikisha. Kwenye mahakama ile hata jaji anayekubaliana na wenzake, akiwa na neno lake la pembeni, huliandika kivyake na kutia sahihi.

Vanuatu ndiyo iliyonifurahisha. Tarehe 23 Julai 2025 mahakama hiyo ilitoa maoni yake kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuilinda hali ya hewa, na majaji wote waliafikiana. Mlichapa kwamba Umoja wa Mataifa uliomba maoni hayo. Ndiyo, Baraza Kuu liliomba, Machi 2023. Lakini Baraza Kuu halikuota jambo hilo usingizini. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini walilianzisha kama wazo la darasani, wakaiandikia serikali moja baada ya nyingine, na Vanuatu ndiyo iliyolibeba. Kijana wa sheria pale Parklands akiisoma habari kama mlivyoichapa, ataona jambo la wakubwa wa New York. Akiambiwa watunzi ni wanafunzi wenzake, wa visiwa ambavyo hata ramani za shule zetu huviacha, ataisoma kwa jicho lingine.

Ninachoomba si kikubwa. Wekeni jina la shirika lenyewe, si "mashirika". Shirika likiwa limetaja mwandishi wake na mji aliomo, msiyakate hayo ili kupata nafasi ya tangazo. Na mtajeni mfasiri. Wahenga wetu hawakuona taabu. Mwana Kupona alipomwandikia bintiye utendi, alitia mwishoni jina lake, akasema alizaliwa Pate, na akaandika mwaka, 1275 wa Hijria. Pate nacho ni kisiwa. Beti mbili tatu zilimtosha, na leo hakuna wa kutuvuruga juu ya nani aliyesema, akiwa wapi, lini. Tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo hazikupata bahati hiyo, na wasomi wanatoana jasho hadi sasa kujua lipi lake na lipi la wengine.

Mtaona hapa chini nimetia herufi mbili tu. Jina kamili mnalo, na mkitaka lichapeni. Lakini msomaji ameshaambiwa nilikoketi, kazi niliyofanya na upande nitakaouvuta. Angalau hayo.

La mwisho, na hili ni mkono wa prufu unawasha. Habari ya Chagos, safu ya pili, mmeandika kwamba visiwa vilitengwa na Mauritius mwaka 1968. Sivyo. Vilitengwa tarehe 8 Novemba 1965. 1968 ni mwaka wa uhuru wa Mauritius. Miaka hiyo mitatu ndiyo kesi yenyewe, maana mahakama ya The Hague ilisema Februari 2019 kwamba Uingereza haikumaliza kihalali kuiondoa Mauritius katika ukoloni, kwa kuwa iliimega kwanza ndipo ikaipa uhuru. Mkiweka 1968, hoja yote ya Mauritius inakufa kwa tarakimu moja. Nimejaribu kujua kosa ni la shirika au la mfasiri wenu, ili nimwandikie mwenyewe nisikusumbue wewe. Sikuona jina.

M. A.,
South C, Nairobi