Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Haki ya Wawakilishi Kufungua Shauri Mahakamani

Assalaamu alaykum. Waheshimiwa wanachama wa Unguja na Pemba,

Hesabu za fedha mtasomewa na Mshika Fedha, na mwenendo wa matawi ataueleza Katibu. Nimeona taarifa yangu ishughulike na hoja moja iliyotawala mijadala yetu ya mwaka huu, nayo ni kuwapa Wawakilishi wetu haki ya kufungua shauri mahakamani kwa nafasi yao ya uwakilishi.

Chimbuko la hoja hii ni kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, kinachosema kuwa sheria iliyopitishwa na Bunge la Muungano haitatumika Zanzibar ila iwe ni ya mambo ya Muungano, na kinachotaka sheria hiyo iwasilishwe na Waziri anayehusika mbele ya Baraza la Wawakilishi. Maneno hayo yako wazi. Sasa tuchukulie kuwa sheria imeanza kutumika hapa bila ya kufikishwa Chukwani, kwenye ukumbi wa Baraza. Nani kadhulumiwa? Mkaazi wa Micheweni au Makunduchi huenda sheria hiyo isimguse hata kidogo, na akienda Mahakama Kuu ataulizwa ni haki ipi ya kwake iliyovunjwa. Lililopokonywa nafasi yake ni Baraza, na katika Katiba yetu hatukuona kifungu kinachomruhusu Mwakilishi, peke yake au pamoja na wenzake, kulifikisha jambo hilo mbele ya jaji.

Baadhi yenu mlitukumbusha kuwa ipo Mahakama Maalum ya Katiba, iliyowekwa na Katiba ya Muungano ya 1977. Ni kweli ipo kwenye maandishi, na nusu ya wajumbe wake huteuliwa na kila Serikali. Lakini kwa ibara ya 126 kazi yake ni kutoa uamuzi wa usuluhishi pale Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zinapogombana juu ya tafsiri ya Katiba. Serikali zote mbili zikiamua kunyamaza, basi hakuna mgogoro, na Baraza halina pa kwenda.

Nchi nyengine zimelitatua jambo hili kwa namna mbalimbali. Ufaransa, tangu 1974, Wabunge 60 au Maseneta 60 wanaweza kuipeleka sheria kwenye Baraza la Katiba kabla haijatangazwa. Ujerumani inataka robo ya Wabunge. Afrika Kusini inataka theluthi, tena ndani ya siku 30 tangu Rais atie saini. Kwa upande wa pili ipo Marekani, ambako katika shauri la Raines v. Byrd la 1997 Mahakama ya Juu iliwakatalia Wabunge waliopinga sheria ya kumruhusu Rais kufuta vipengele vya matumizi, kwa kuwa hawakuonesha madhara yaliyowafika wao wenyewe.

Wanaopinga pendekezo letu wanaishika sana hukumu hiyo, na hoja yao inastahiki jibu. Wanasema aliyeshindwa kwa kura barazani asipewe nafasi ya kushinda kwa hakimu, na kwamba mwenye madhara ya kweli atajitokeza mwenyewe. Kwa Marekani alijitokeza: mwaka uliofuata, 1998, sheria ile ile ilibatilishwa kwa madai ya Jiji la New York na wengine walioguswa nayo. Kwa kifungu cha 132, hata hivyo, naamini hatajitokeza mtu, maana aliyepitwa ni Baraza lenyewe. Huyo hakushindwa kwa kura, kura haikupigwa.

Tunao mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2005 wajumbe wa Bunge la Afrika Mashariki walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kupinga kuondolewa kwa miswada iliyokwishafikishwa bungeni. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya kinamruhusu mkaazi yeyote wa nchi mwanachama kufungua shauri, na Mahakama ililinda mamlaka ya Bunge juu ya miswada iliyo mbele yake. Hakuna mhimili uliovunjika kwa hukumu ile.

Lililobaki kutugawa ni idadi ya Wawakilishi wanaotakiwa ili shauri lifunguliwe. Kamati ilianza na robo ya Wawakilishi. Mimi naiona ni kubwa mno kwa mazingira yetu. Baraza lililotokana na uchaguzi wa marudio wa Machi 20, 2016, ambao chama cha upinzani cha CUF kiliususia, lilikuwa karibu lote la chama kimoja, na katika Baraza la namna hiyo robo ni haki isiyofikika kwa mwenye mawazo tafauti. Kumruhusu kila Mwakilishi peke yake nako kutaijaza Mahakama mashauri ya kisiasa. Napendekeza moja ya kumi, bila ya kujali chama, shauri lifunguliwe ndani ya siku 90, na lihusu mamlaka ya Baraza au uhalali wa sheria kikatiba tu.

Rasimu imo mikononi mwenu. Naomba mkutano huu uipigie kura idadi hiyo leo, kisha Katibu aipeleke Tume ya Kurekebisha Sheria Zanzibar, na nakala apewe kila Mwakilishi wa Unguja na Pemba kabla ya kikao kijacho cha Baraza.