Tupeni magazeti ya zamani tufundishie

Mhariri, salaam. Mi ni mwalimu wa historia hapa Moshi, naomba nafasi kidogo. Kila lori lililobeba wahamiaji wa Kiethiopia likikamatwa huku kwetu darasani ni kelele, huyu anasema warudishwe kwao yule anasema ni binadamu wenzetu, na wote wanabishana hewani tu maana hakuna aliyesoma kitu.

Basi nikaamua kuwaletea magazeti. Ya Marekani ya zamani nimeyapata bure kwenye intaneti, Maktaba ya Bunge lao imeyaweka kibao, tukasoma Wachina walivyokuwa wanasemwa mpaka 1882 ikatungwa sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina wasiingie, na haikufutwa mpaka 1943! Nikawaambia chukueni kalamu nyekundu, kila anayeongea kwenye habari mpigie mstari. Wanasiasa wakapigiwa, Mchina mwenyewe hayumo. Ndo nikawatajia Wong Chin Foo, aliyeanzisha gazeti la Wachina wenzake New York 1883.

Afu tukachukua gazeti la juzi juzi, kalamu ileile. Kamanda wa polisi kaongea, afisa uhamiaji kaongea, mkuu wa wilaya naye hakosi, Muethiopia kimya. Binti mmoja akauliza, sasa sir, mwandishi alikosa mkalimani? Hilo nawaachia nyie mlijibu.

Shida yangu ni magazeti yetu wenyewe ya nyuma. Nataka ya 2013 wakati wa Operesheni Kimbunga, ile ya serikali ya kuwaondoa wahamiaji haramu, watu wanatimuliwa Kagera, Geita na Kigoma, niyaweke pembeni ya yale ya 2014 wakimbizi wa Kirundi zaidi ya 160,000 wa tangu 1972 walipopewa uraia wa Tanzania, na serikali ni hiyohiyo, watoto waone mjadala unavyogeuka ndani ya mwaka tu. Nataka na ya kuhusu wakimbizi wa Poland waliowekwa Tengeru 1942, makaburi yao yapo mpaka leo na wanafunzi wangu wanapita hapo na Coaster kwenda Arusha hawajui lolote. Nayapata wapi? Nikienda sokoni napewa ya kufungia vitumbua, habari inaanza vizuri kabisa afu "endelea uk. 5", na uk. 5 umeshaondoka na mafuta.

Nyie mnayo stoo huko Dar. Yaskanini basi mtuuzie shule hata kwa bei ya fotokopi, na kama hamna mtu wa kuskani likizo ya Desemba nipo, nauli najilipia.

Mwalimu, Moshi