Zuhura, usizing'oe

Mpendwa Zuhura,

Salamu tele kwako na wote wa nyumbani. Nimenyamaza mno, najua, utanigombeza baadaye. Naandika mbiombio kwa sababu Rehema kanidokezea kwamba Jumamosi unataka kung'oa narsisi zote za chini ya mti, yale maua ya manjano yanayoota kwenye vitunguu vya ardhini, eti mwaka wa pili sasa zinatoa majani matupu. Usizing'oe! Nisome kwanza.

Kivuli unakisingizia. Mti unaopukutisha majani hauna kivuli cha maana wakati narsisi zinapofanya kazi. Zinachipua na kujilisha jua kabla mti haujavaa. Namshuku zaidi Hamisi na mashine yake ya kukata nyasi, kwamba anayafyeka majani mapema mno. Ua la mwakani hutengenezwa ndani ya kitunguu mwaka huu huu, baada ya maua ya sasa kunyauka, na chakula chake kinatoka kwenye majani hayo hayo mnayoyaona machafu. Yaacheni angalau wiki 6. Msiyafunge fundo pia, maana jani lililokunjwa halipati mwanga. Kata kichwa cha ua lililonyauka tu, lisipoteze nguvu kutengeneza mbegu.

Kingine ni kiu. Mizizi ya mti inakunywa yote, na narsisi ikikauka mapema baada ya kuchanua, mwakani hupati kitu. Mwagilia mpaka maji yashuke chini, si kulowesha vumbi la juu. Majani ya mti yakipukutika, tandaza mboji ya majani unene wa sentimita 5, ila isiguse shina la mti, gome litaoza.

Halafu chokoa pembeni ya shada moja, moja tu. Ukikuta vitunguu vingi vyembamba vimebanana, au vimelala sentimita 6 au 7 tu chini, basi hapo ndipo penye ugonjwa. Subiri majani yanyauke yenyewe ndipo ufukue, utenganishe, ubonyeze kila kitako: kilicholainika tupa. Vizima virudishe kwa kina cha sentimita 15 hivi, yaani mara tatu ya urefu wa kitunguu. Vaa glavu, utomvu wake unawasha. Wala usiviweke karibu na jiko, ni sumu na vinafanana mno na vitunguu vya kupikia.

Jembe liache. Tumia mwiko mwembamba wa bustani, utafute mifuko ya udongo katikati ya mizizi. Ukigonga mzizi mnene kama kidole gumba, sogea. Na usimwage udongo mpya juu ya mizizi ili upate kina kwa urahisi. Mizizi inayonyonya iko karibu na uso wa ardhi, itakosa hewa.

Kuhusu kupanda maua chini ya ua, yaani ule uzio wa miti (Kiswahili nacho!), usipande shinani kabisa, pale udongo ni mkavu kama majivu. Rudi nyuma nusu mita. Galanthasi, vile viua vidogo vyeupe, zinafaa, lakini usinunue vitunguu vikavu, vingi huwa vimeshakufa. Nunua zenye majani mabichi mara baada ya kuchanua, na uangalie bua: pale weupe unapogeuka kijani ndipo usawa wa udongo. Anemoni, maua mengine madogo ya aina hii, zinauzwa zimesinyaa kama mavi ya mbuzi, usicheke, ziloweke usiku kucha kisha uzilaze ubavu, sentimita 5 chini. Kama ua wenyewe haupukutishi majani, ukingoni jaribu siklameni, nayo ni maua madogo ya kivulini. Humo ndani giza ni la mwaka mzima. Tulipu sahau. Zinataka jua, na panya na kindi wanazipenda kuliko wewe. Narsisi hawazigusi.

Sasa nijibu kabla ya Jumamosi. Mti wenyewe ni gani, unapukutisha kweli? Hamisi anapitisha mashine lini, maua yakiwa bado au wiki chache tu baadaye? Ulizipanda kina gani, au ndiyo ule mtindo wako wa kufukia kwa kidole? Na ule ua, mnaukata mwezi gani? Maana anayeukata atakanyaga kila kinachochipua, huyo naye itabidi tum... basi, tutaongea. Rehema bado ana mwiko wangu?

Wako,
Mwanaidi