Shoga yangu asema wahusika wangu si marafiki

Shikamoo Shangazi,

Kumepambazuka na sikupata hata lepe la usingizi. Mswada u hapa miguuni pangu. Ni ile hadithi ya wasichana wawili wa mtaa mmoja, kurasa 140. Nilimpa shoga yangu aisome kabla ya mtu yeyote. Jana alasiri akanirudishia na kusema, "Hawa si marafiki. Ni watu wawili wanaosifiana."

Wanaosifiana! Kazi ya miaka miwili.

Sikatai kukosolewa. Angesema lugha ni mbovu ningesahihisha. Lakini wasichana wale ni mimi na yeye, naye anajua, maana mmoja nimempa hata kicheko chake, kile kinachomtoka kabla hajamaliza kusimulia. Akafungua ukurasa akanisomea, "Wewe ni zaidi ya dada kwangu," kisha akauliza, "Sisi tumeambiana hivi lini?" Kweli, hatujawahi. Usiku ule nilioachika nikamgongea mlango, hakusema neno. Alisogeza watoto wake ukutani nikapata pa kulala. Hilo sikuliandika. Halina maneno, msomaji angeshika nini?

Wala sikuandika ule mwaka mamake alipolazwa nami sikwenda. Nilikuwa na sababu, na nilikwisha kumweleza. Mwandishi halazimiki kuanika kila kitu. Wangu hawagombani, hawadaiani; nilitaka uonekane urafiki safi. Usiku nikawakumbuka Amani na Imani wa ile riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea. Amani aliachiwa kitoto mlangoni, Imani akamsaidia kukilea, na kilipokufa wakatiwa ndani wote wawili. Wale huulizi kama ni marafiki. Wangu sikuwabebesha kitu.

Lakini "wanaosifiana", Shangazi! Hakuwa na neno la upole?

Nieleze tu namna ya kuandika mazungumzo ya marafiki. Hayo mengine tutayamaliza wenyewe. Au niuchome huu mswada? Hapana, siuchomi. Ila nikiuandika ule mwaka wa hospitali, yeye ndiye atakayeusoma kwanza, na sijui kama alinisamehe au alinyamaza tu. Jana akitoka alisimama mlangoni akaniuliza, "Mbona mama yangu hayumo?" Nikamjibu kwamba ni hadithi tu.

Je, Shangazi, alikuwa akiuliza habari za hadithi?

Asiyelala,
Mombasa