Shukrani kwa mzee wa kanzu, gereji ya Ngamiani

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo hapa Tanga. Jina hukutuachia, na soda uliikataa.

Tulikuwa tumeiinua MGB ya 1965, gari dogo la michezo la Kiingereza, ile ya wazi juu, tukibishana kama ekseli ya nyuma ni ya kiwandani au ilibadilishwa. Ukainama na kanzu yako nyeupe (roho ilinidunda!), ukapapasa mgongo wa difu, lile fundo la gia katikati ya ekseli: "Huku nyuma hakuna mfuniko wa bolti. Hii ni ekseli aina ya banjo, difu yake hutolewa kwa mbele." Ukatueleza kuwa za wazi zilifungwa banjo tangu 1962 hadi 1967, ndipo zikahamia aina ya Salisbury yenye mfuniko nyuma; za GT, zile zenye paa la chuma, zilitangulia kuipata, 1965. Difu ilipotoka ukatuhesabisha meno: krauni (gia kubwa) 43, pinioni (gia ndogo inayoizungusha) 11, yaani uwiano wa 3.909, kama ilivyotoka kiwandani Abingdon. Mafundi wangu, ambao maneno yao huzidi spana zao, kimya.

Ahsante sana. Nilikuwa karibu kuagiza ekseli nzima kutoka Uingereza. Na ulivyosema kwamba rimu za spoku zina ekseli yake, fupi kidogo kuliko ya rimu za kawaida, hilo tunapima Jumamosi.