Risala ya wahudumu wa afya wa kujitolea wa kata za mpakani, mkoani Kagera, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya Duniani

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Wenyeviti wa vijiji,
Viongozi wetu wa dini,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima, na tunakushukuru wewe kwa kuja mwenyewe. Wawakilishi tumewapokea wengi na hatuwalaumu, ila mwakilishi akiombwa kitu husema atafikisha.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilizaliwa mwaka 2023, baada ya Marburg, ugonjwa hatari wa kirusi, kuingia Bukoba Vijijini. Serikali ilitangaza mlipuko tarehe 21 Machi na kutangaza mwisho wake tarehe 2 Juni. Watu tisa waliugua, sita wakafariki, akiwemo mhudumu wa afya. Historia yetu ndiyo hiyo, tunaomba tuiache hapo.

Mafanikio ni makubwa. Tuna katiba, tuna akaunti benki, tuna sare hizi unazoziona na viti vya plastiki ulivyokalia pamoja na msafara wako. Tumeelimisha kaya zote za kata zetu, isipokuwa zile za ng'ambo ya bonde ambako hatufiki wakati wa masika. Vilevile tumefanya mkutano wa kimataifa wa masuala ya afya chini ya mwembe, pamoja na wahudumu wenzetu wa upande wa Uganda. Nchi mbili zilihudhuria na maazimio yalipitishwa bila kupingwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, waandaaji wametutaka tugusie ushirikiano wa mataifa katika kupambana na magonjwa. Tunagusia. Mwaka 1958 Viktor Zhdanov, naibu waziri wa afya wa Urusi ya Kisovieti, alisimama mbele ya Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani akapendekeza ndui itokomezwe ulimwenguni kote. Mkutano wenyewe ulifanyika Minneapolis, ndani ya Marekani, wakati ambapo mataifa hayo mawili yalikuwa yanashindana kuunda mabomu. Hoja ikapita. Kampeni ilipoongezwa nguvu mwaka 1967 aliyeiongoza alikuwa Mmarekani, Donald Henderson, na chanjo nyingi zilitoka kwa Warusi. Mengi hawakupatana, lakini kwa ndui walipatana. Mtu wa mwisho kuugua ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na baadaye akawa akizunguka kuhamasisha chanjo ya polio hadi alipofariki mwaka 2013. Sisi tunamhesabu kuwa mwanachama mwenzetu.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 20 Januari 2025 Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, aliutangazia ulimwengu kwamba Marburg imerudi Kagera, safari hii Biharamulo. Siku hiyohiyo, huko Washington, Rais wa Marekani alitia saini amri ya kuitoa nchi yake katika Shirika hilo, na amri nyingine ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi, ukiwa umechukua watu kumi, wote waliougua. Mradi uliokuwa ukitulipia mafuta ya bodaboda za kukodi ulisimama bila kungoja hata tarehe hiyo. Wenye mradi hatuwataji kwa sababu bado tunawaandikia barua.

Tunafahamu pia kwamba tarehe 20 Mei 2025, baada ya majadiliano ya miaka mitatu, mataifa yalipitisha Geneva mkataba wa kukabili magonjwa ya mlipuko, yakaacha kiporo suala gumu kuliko yote: nchi ikitoa sampuli za kirusi kilichozuka kwake, itapata nini chanjo ikitengenezwa? Ni swali la haki na tunawaombea wanaolijadili. Ila wanajadili sampuli iliyokwisha kufika maabara. Ya kwetu, Ndugu Mgeni Rasmi, bado iko kijijini.

Hapo ndipo penye ombi letu, nalo ni moja: usafiri.

Mtu akianza homa kali na kutapika damu, sisi ndio wa kwanza kuitwa. Kuchukua sampuli si kazi yetu, ni ya mtaalamu, naye yuko kituo cha afya. Ili afike kijijini lazima akodi bodaboda, na dereva wa bodaboda akisikia neno Marburg anakumbuka kwamba tairi lake lina pancha. Hatumlaumu, ana watoto. Tumewahi kungoja kuanzia asubuhi hadi jua linazama, mgonjwa akiwa ndani na ndugu zake wote wamemzunguka, wengine wamevuka kutoka Uganda kuja kumwona.

Ndugu Mgeni Rasmi, mgeni rasmi wa mwaka juzi, akiwa amesimama hapo utakaposimama, alituahidi pikipiki mbili kabla ya mwisho wa robo ya mwaka. Tulipiga makofi na akina mama wakampigia vigelegele. Helmeti zilifika, tena mbili kama alivyosema, na zimehifadhiwa vizuri ofisini kwa mtendaji. Mgeni wa mwaka jana alisema suala hilo liko kwenye mchakato. Tunaliulizia kila mwezi, na kila mwezi bado liko kwenye mchakato.

Tunaomba pikipiki hizo mbili. Tunaomba pia, na hili tunalisisitiza kuliko pikipiki zenyewe, kwamba mafuta na matengenezo yaingizwe kwenye bajeti ya halmashauri, kwa kifungu chake na namba yake. Mfadhili tunampenda, lakini mwaka jana tumeona saini moja ya mbali inavyoweza kukausha tangi la pikipiki huku. Mheshimiwa Diwani anatuambia makisio ya mwaka ujao bado hayajafungwa. Kwa hiyo tumeandaa barua ya ombi, nakala mbili, pamoja na kalamu. Katibu atakuletea mezani kabla ya chakula, ili nakala moja irudi kwetu ikiwa na saini yako na tarehe.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.