Swali lako kuhusu Luther na Paulo

Ndugu yangu Elia,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeisoma, na swali la mwisho ndilo lililonikalisha chini: hivi wasomi wa siku hizi wanasema Luther hakumwelewa Paulo alipofundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo mema ya kujipatia wokovu, au sisi ndio tunaowasikia vibaya? Nadhani ni yote mawili kidogo.

Mjadala wenyewe ulishika moto mwaka 1977, msomi wa Agano Jipya E. P. Sanders alipotoa kitabu chake kuhusu Paulo na Uyahudi wa Palestina. Aliyapitia maandishi ya Kiyahudi ya zama zile, ya marabi pamoja na ya Qumran (yale magombo yaliyopatikana kando ya Bahari ya Chumvi), akaonyesha kwamba Myahudi mcha Mungu hakuwa akirundika matendo mema ili anunue wokovu. Aliamini kwamba Mungu amekwisha kuwachagua Israeli kwa neema. Sheria aliishika ili adumu ndani ya agano, wala si ili aingie. Sasa kumbuka mahubiri tuliyokulia, ambamo Farisayo hana tofauti na muuza vyeti vya msamaha wa karne ya 16, isipokuwa amevikwa joho la Yerusalemu! Hapo Sanders alitupata.

Msomi mwenzake James Dunn akasogeza hoja mbele: "matendo ya sheria" katika Wagalatia 2:16 yanahusu hasa yale yaliyomtenga Myahudi na mataifa, yaani tohara, vyakula na sabato. Baadaye alifafanua kwamba hakukusudia hayo matatu peke yake, na ni haki kumtajia hilo. Ukweli ni kwamba ugomvi wa sura ile unaanzia mezani kule Antiokia, Petro alipojitenga na watu wa mataifa, kwa hiyo Dunn hakubuni. Lakini nenda Warumi 4:4-5, penye mshahara wa mtenda kazi na Mungu amhesabiaye haki asiye mcha Mungu. Katika sura hiyo tohara haitajwi mpaka mstari wa 9. Hapo namwona Luther akitabasamu.

Aliyenisaidia zaidi ni msomi mwingine wa Paulo, John Barclay, kitabu chake cha 2015 kuhusu Paulo na zawadi. Anasema tumegombana bure kama Wayahudi waliamini neema au hawakuiamini. Waliiamini wote, ila hawakukubaliana ni neema ya namna gani. Katika dunia ile mtoaji mwenye busara alichagua wa kumpa, na Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, aliandika kitabu kizima kuhusu mambo hayo. Kusema kwamba Mungu humpa anayestahili hakukuwa kuikana neema hata kidogo. Wengine walifikiri tofauti: zaburi za Qumran zinakiri kwamba mwanadamu ni udongo tu, na bado Mungu amemhurumia. Paulo naye anasema Kristo ametolewa bila kutazama ustahili wowote, uwe wa ukoo, wa elimu au wa utii, na ndiyo maana Myahudi na Myunani wanaweza kula pamoja. Ona jinsi Luther na Dunn wanavyokutana hapo!

Kuna jambo moja litakaloudhi pande zote. Zawadi ya enzi zile ilimfunga mpokeaji, alitazamiwa kuitikia. Kwa hiyo neema ya Paulo haitolewi kwa sababu ya ustahili, lakini inadai maisha mazima. Soma tena Warumi 6 na wazo hilo kichwani.

Kuhusu nyundo na mlango wa Wittenberg, yaani habari kwamba Luther alizipigilia hoja zake 95 kwenye mlango wa kanisa, tangu mwanahistoria Erwin Iserloh aipinge habari hiyo mwaka 1961 wanahistoria hawajaafikiana. Melanchthon, mwenzake Luther aliyeisimulia baada ya Luther kufariki mwaka 1546, hakuwa Wittenberg mwaka 1517. Kilicho hakika ni barua ya Luther kwa Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz, ya tarehe 31 Oktoba 1517. Kwenye Jumapili ya Matengenezo mimi ningeihubiri barua hiyo: mchungaji anayeogopa kwamba watu wanafarijiwa kwa uongo.

Kitabu cha Barclay ni kinene, usitishike. Soma sehemu ya kwanza, halafu Wagalatia. Katikati waweza kuruka, ila Qumran usiiruke. Ukimaliza niandikie unavyomwona Dunn, maana najua wewe ulikuwa upande wake.

Wako katika Kristo,
Yona